Mdogo wangu, kabla hamjauza kiwanja cha Kiromo

Mdogo wangu,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Mara ya kwanza nilikuwa kwenye basi natoka zamu ya usiku, ya pili nikiwa jikoni, ya tatu nimekaa kitandani na simu sikioni. Umeniuliza mambo mawili. Kwanza, kama ni kweli kuna kazi za kiwanda cha samaki hapa Bergen, Norwe, na kama huyo wakala wa Dar anayetaka milioni 18 anaaminika, maana mama mdogo ameshakubali kiwanja cha Kiromo kiuzwe. La pili umelisema kwa sauti ya chini, na ndilo lililoninyima usingizi: "Dada, huko maisha yakoje hasa? Miaka yote unatutumia picha za zile nyumba za rangi tu."

Ni kweli. Nimewatumia picha za nyumba za rangi tangu mwaka 2011. Basi nianze na hizo hizo, kwa sababu kila nilichokuficha kimo ndani yake.

Nyumba zile zinaitwa Bryggen, yaani gati. Ziko kando ya bandari ya zamani, Vågen, mkono wa bahari ulioingia hadi katikati ya mji. Kwa mbele ni nyekundu, njano na nyeupe, mapaa yamechongoka, na UNESCO waliziingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 1979, miaka ishirini na kitu kabla ya Mji Mkongwe wa Unguja na Lamu. Watalii wanapiga picha kwa mbele wanaondoka. Hata mimi mwaka wangu wa kwanza nilikuwa napiga kwa mbele. Siku niliyoingia vichochoroni ilikuwa ya mvua, natafuta pa kujibanza. Ndani kuna giza. Mbao juu, mbao chini, mbao kila upande, na nyumba zimeinama kwa sababu misingi yake inazama kwenye udongo wa ufukweni. Pananuka lami na mbao iliyolowa. Nikasimama pale nikakumbuka majahazi yetu yakipakwa sifa, yale mafuta ya papa, nikalia, na sikujua nalia nini.

Nikaanza kuuliza waliokuwa wakiishi humo ni akina nani. Jibu nililolipata ndilo ninalotaka ulisikie.

Mji huu wanasema ulianzishwa mwaka 1070 na mfalme Olav Kyrre. Wafalme wa Norwe walikaa hapa, na ukumbi wao wa mawe, Håkonshallen, bado upo mdomoni mwa bandari. Ulifunguliwa kwa harusi ya mwana wa mfalme mwaka 1261. Lakini utajiri wa Bergen haukutokana na wafalme. Ulitokana na samaki mkavu, na walioushika mkononi walikuwa vijana wageni.

Samaki mwenyewe ni chewa wa kaskazini, wanamwita torsk. Kila mwanzo wa mwaka anashuka kutoka bahari ya barafu kuja kutaga mayai visiwa vya Lofoten, kama kilomita elfu moja kaskazini ya hapa. Wavuvi wanamkata kichwa, wanamtoa matumbo, wanawafunga wawili wawili kwa mikia na kuwatundika kwenye chanja za miti. Hatiwi chumvi hata chembe. Ng'onda wetu anategemea chumvi na jua; huyu anakaushwa na upepo wa baridi peke yake, kuanzia Februari mpaka karibu Juni, mpaka maji yote yamemtoka. Nilimnunua mmoja, nikamgonga mezani akalia kama ukuni. Nilimloweka siku tano nikampika na tui la kopo. Mama angemsifu kwa adabu tu. Lakini samaki wa namna hiyo anakaa miaka bila kuoza, na Wakristo wa Ulaya ya zamani walikuwa na siku nyingi za mfungo ambazo nyama hailiwi. Ndiyo maana kipande hicho kikavu kilikuwa mali.

Sasa, wavuvi wa kaskazini walikuwa na samaki lakini hawakuwa na nafaka. Shayiri kidogo waliyolima haikutosha. Wajerumani wa Hansa, umoja wa miji ya wafanyabiashara, hasa mji wa Lübeck, walikuwa na unga. Wakaja na unga wao Bergen, na mnamo mwaka 1360 wakaweka ofisi yao rasmi hapo Bryggen. Walikaa karibu miaka mia nne, hadi 1754. Sisi wa Bagamoyo Mjerumani tunamjua kwa boma na kwa pale mahali pa kunyongea. Huku aliushika mji wa watu kwa gunia la unga na daftari la madeni.

Hapo kwenye daftari ndipo nataka utulie. Mvuvi akishuka na chombo chake kutoka kaskazini, anateremsha samaki kwa mfanyabiashara mmoja, anachukua unga, kamba, nguo. Mwaka ambao samaki ni haba anachukua unga vilevile, kwa mali kauli, na deni linaandikwa. Mwaka unaofuata lazima arudi kwa yule yule, kwa bei ya yule yule, kwa sababu anadaiwa. Akifa, mwanawe anarithi chombo na anarithi deni. Kuna koo zilidaiwa na nyumba moja ya Kijerumani vizazi kwa vizazi. Ninyi mnasema mkopo wa kausha damu mkidhani ni jambo la jana.

Na wale Wajerumani wenyewe, usidhani ndio walioneemeka. Tajiri alibaki kwao Lübeck. Aliowatuma Bergen ni wavulana, wengine hata ndevu hawajaota. Waliishi kwenye nyumba hizo za rangi miaka na miaka, wakipanda taratibu kutoka utumishi wa ndani hadi ukarani, na wachache hadi usimamizi. Hawakuruhusiwa kuoa. Mwanamke haruhusiwi kuingia. Na moto, mdogo wangu, moto ulikuwa marufuku kwenye nyumba hizo, kwa sababu zote ni mbao na mji ulikuwa ukiungua kila mara. Hapa Desemba jua linachomoza karibu saa nne asubuhi na kuzama saa tisa na nusu alasiri. Fikiria kijana wa miaka kumi na mitano kwenye giza hilo, chumba hakina jiko wala taa. Palikuwa na majengo maalumu kwa nyuma, ya pamoja, ambamo ndimo waliruhusiwa kuwasha moto, kupika na kuota. Wageni wapya walipitishwa kwenye mchezo wa kukaribishwa: mmoja anavutwa kwa kamba juu ya bomba la moshi, chini yake wanachoma vitu vinavyonuka, huku anaulizwa maswali na lazima ajibu.

Niliingia kwenye moja ya nyumba hizo ilipokuwa makumbusho, kabla hawajaifunga kwa matengenezo mwaka 2018. Ghorofani nikaonyeshwa vitanda vya wale wavulana. Ni kama kabati la ukutani, limegawanywa, milango ya mbao, na walilala wawili wawili. Nikaweka mkono wangu kwenye ubao wa kitanda. Umelainika kama mwiko wa zamani. Nikawaza, kila aliyelala hapa aliacha mama yake mahali, na mama yake aliwaambia majirani mwanangu yuko Bergen, mambo yake safi.

Sasa nikuambie ya kwangu, kwa hesabu.

Nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Mwanzoni nilipewa asilimia 60 ya ajira, na kwa huku jambo hilo ni la kawaida sana kwenye kazi yetu: unasaini nusu kazi, halafu unakaa na simu mkononi ukingoja waseme fulani anaumwa, njoo. Miaka minne nimeishi kwa kungoja wenzangu waumwe. Leo nina kazi kamili. Mshahara unaandikwa krone 39,000 kwa mwezi. Kodi ya serikali ikitoka nabaki na kama 29,000. Kodi ya nyumba ni 14,000, vyumba viwili, mimi na wanangu wawili tangu tulipoachana na shemeji yako. Umeme wakati wa baridi unaniumiza kuliko chakula. Nikishalipa basi, chakula, simu, bima, nguo za watoto ambazo hapa huwezi kukwepa maana mtoto bila koti la mvua shule itakupigia, naweka pembeni ya kutuma nyumbani, kinachobaki nakihesabu kwa vidole. Ukizigeuza krone kuwa shilingi ni mamilioni. Ukizitumia Bergen, ni mshahara wa mtu anayeanza mwezi na kumaliza mwezi.

Na nilikuja na deni. Hili hata mama yako hajui. Nauli na makaratasi yangu alinikopesha mtu wa Bagamoyo, na nilimlipa kwa miaka minne. Kwa hiyo mliponiona sitoi mchango wa harusi, mkasema dada amebadilika, nilikuwa kama mvuvi wa Lofoten: samaki yote inashuka kwa mwenye daftari.

Tarehe 4 Julai 1955 sehemu ya Bryggen iliungua. Hasara kubwa, lakini ardhi ilipobaki wazi mwanaakiolojia Asbjørn Herteig akaanza kuchimba, na chini ya majivu ya mioto ya zamani wakatoa vijiti zaidi ya 600 vyenye maandishi ya runi, herufi za kale za Wanorwe, zilizochongwa kwa kisu. Walikuwa wakichonga kama sisi tunavyotuma meseji. Vingine ni vya kufunga kwenye gunia: huu mzigo wa fulani. Kimoja ni barua ya mfanyabiashara aitwaye Thorir kwa mshirika wake Hafgrim, yapata miaka 700 iliyopita. Anamsalimu kwa salamu za Mungu na urafiki wa kweli, kisha anamweleza kwamba mambo yamemwendea vibaya, hana pombe wala samaki, anataka alijue hilo, na asimdai.

Niliposoma maelezo yake pale makumbusho nikatoa simu nikafungua meseji niliyomtumia mjomba wiki ile. Salamu, nakupenda, hali si nzuri mwezi huu, naomba unielewe. Ni ile ile.

Kijiti kingine ni kidogo, na ndicho ninachokipenda kuliko vyote. Kimeandikwa: Gyda anasema uende nyumbani. Basi, hayo tu. Upande wa pili kuna mikwaruzo ya herufi ambayo wataalamu hawajaweza kuisoma, huenda ndiyo majibu. Wanaoelezea husema ni mke anamwita mumewe aliyekaa kilabuni, na wageni hucheka. Mimi sikuwahi kucheka pale. Mama alikuwa akiniambia maneno hayo hayo kila Ijumaa, na upande wangu wa kijiti nao haukusomeka.

Baba, yaani baba yako mkubwa, alipofariki Machi 2016, ulikuwa kidato cha kwanza. Ni wewe uliyeshika simu ukanionyesha. Nilikuwa kazini, kwenye chumba cha kufulia, mashuka ya wazee mikononi. Tulimzika siku ile ile kama ada yetu, na hakuna ndege duniani ambayo ingenifikisha. Niliona miguu ya watu, mchanga, kitambaa cha kijani cha jeneza, halafu picha ikakatika kwa sababu bando lako liliisha. Nilimaliza zamu. Jioni sikutaka kurudi nyumbani watoto wanione, nikakaa nje ya Mariakirken, jengo la zamani kuliko yote mjini, nyuma tu ya Bryggen. Lilikuwa kanisa la wale Wajerumani tangu 1408 hadi 1766, na wengi wao walizikwa hapo. Mimi nikasoma Yasini yangu kwa moyo, kwenye mvua, pembeni ya makaburi ya watoto wa watu ambao mama zao pia hawakuwaona wakizikwa. Kama unataka kujua bei ya kuja huku, milioni 18 ni ndogo. Hiyo ndiyo bei.

Upweke nao ni kazi ya pili. Watu wa hapa si wabaya. Lakini jirani yangu wa mlango wa kushoto tumeishi naye miaka sita ndipo akaniuliza ninatoka nchi gani. Hakuna kubisha hodi bila kupanga. Hakuna mtu wa kumwachia mtoto dakika tano uende dukani. Saumu ya Juni tumefunga jua likizama baada ya saa tano usiku na kuchomoza saa kumi alfajiri. Wengine wakafuata saa za Makka, wengine wakakaza, na futari unaila peke yako jikoni watoto wameshalala. Mvua sitaki hata kuizungumzia. Kuanzia mwisho wa Oktoba 2006 hadi Januari 2007 ilinyesha siku 85 mfululizo bila kuruka hata moja, na watu wa hapa wanaitaja kama fahari ya mji.

Lakini umeniomba ukweli, na ukweli una upande wa pili. Nisipousema nitakuwa nimekudanganya kwa namna nyingine.

Katikati ya mji kuna hospitali ya zamani ya wakoma, St. Jørgen, sasa makumbusho. Ukoma uliitesa sana pwani hii ya Norwe, tena karne ya 19, wakati nchi nyingine za Ulaya walishausahau, na Bergen palikuwa na hospitali kadhaa kwa ajili yake. Mwaka 1873 daktari wa hapa, Gerhard Armauer Hansen, ndiye aliyewaona vijidudu vya ugonjwa huo. Kabla ya hapo wengi waliamini ni wa kurithi, au ni laana, kama bibi alivyokuwa akituambia sisi. Wagonjwa wawili wa mwisho wa St. Jørgen walifariki mwaka 1946. Nimeona vyumba vyao, vidogo, wawili kitanda hiki na kile, kuzunguka ukumbi wa jiko. Yote hayo ni historia ya kujivunia. Ila kilichonigusa ni kingine. Huyo huyo Hansen, akitaka kuthibitisha kwamba ugonjwa unaambukiza, alimchoma mwanamke mgonjwa jichoni na kumtia uchafu wa mgonjwa mwingine bila kumwomba ruhusa. Mwanamke hakuwa na cheo wala mali. Kesi ikaenda mahakamani, na mwaka 1880 mahakama ikamwondoa Hansen kwenye udaktari wa hospitali ya wakoma alikolazwa mwanamke huyo. Daktari aliyejulikana dunia nzima, mbele ya mwanamke wa kijijini aliyelazwa.

Nakuambia hilo kwa sababu nimelionja mwenyewe. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa usafi wa hoteli. Walinikata saa, wiki baada ya wiki, wakijua sijui lugha. Mwenzangu Mfilipino akanipeleka chama cha wafanyakazi. Yule mama wa chama hakuniuliza mimi ni nani, alitaka kuona ratiba yangu ya kazi na karatasi ya mshahara. Akaandika barua moja. Baada ya wiki tatu nililipwa zote. Sikumhonga mtu, sikumjua mtu. Binti yangu alipopasuliwa kidole tumbo usiku wa manane sikuulizwa pesa mlangoni. Mambo hayo yananifanya nivumilie mvua, na sitayakana mbele yako.

Nawapenda pia wazee wangu wa kazini. Kuna bibi mmoja, kila ikifika Aprili anakuwa na wasiwasi na hataki dirisha lifunguliwe. Alikuwa mtoto tarehe 20 Aprili 1944, Wajerumani wa Hitler wakiwa wameikalia Norwe, meli ya Kiholanzi Voorbode ilipolipuka hapo bandarini na tani kama 120 za baruti. Zaidi ya watu 150 walikufa, maelfu walijeruhiwa, nyumba za mbao zikaungua mtaa kwa mtaa. Nanga ya meli ilirushwa ikaangukia mlimani, juu ya Sandviken. Wiki za kwanza sikujua, nikamfungulia dirisha apate hewa, akanishika mkono kwa nguvu ambayo hukudhani anayo. Siku hizi Aprili nakaa naye, namsuka nywele, ananifundisha nyimbo za watoto kwa lafudhi ya Bergen. Wanangu wananisahihisha Kinorwe changu. Yeye hajawahi hata siku moja.

Najua utasema, dada, wao si walikuja Mbegani wakala raha? Ndiyo. Sisi wa Bagamoyo tumekua na picha ya Wanorwe wa Mbegani, waliosaidia kile chuo cha uvuvi miaka ya 1970 na 1980: nyumba nzuri, gari, boti. Tukadhani Norwe nzima iko hivyo tangu Adamu. Siyo. Mwaka 1825 watu 52 walipanda jahazi dogo linaloitwa Restauration bandari ya Stavanger, kusini ya hapa, wakavuka kwenda Marekani, na baada yao kama watu laki nane waliondoka Norwe katika miaka mia moja. Nchi ndogo kama hii! Miji ya pwani ilijaa mawakala wa kampuni za meli wakiuza tiketi. Aliyetangulia alituma barua nyumbani, na barua zilisomwa kijiji kizima. Nimewauliza wazee wangu: barua ziliandika nini? Wananijibu, ziliandika mashamba makubwa na ngano. Wale waliolia hawakuwa na pesa ya stempu, au waliona haya.

Mimi nimekuwa na haya miaka yote hii, mdogo wangu. Ndiyo maana ya nyumba za rangi.

Sasa tuje kwenye kiwanja. Mtu wa nje ya Ulaya hapati kazi Norwe kwa kulipa wakala. Mwajiri mwenyewe ndiye anayekupa mkataba, kwa jina lake, kwa kazi kamili na mshahara wa hapa, na kwa kawaida lazima uwe na fani inayotakiwa. Kisha unaomba kibali kabla ya kupanda ndege. Kuna vibali vya msimu, vya miezi, na navyo vinaanzia kwa mwajiri. Sheria ya huku hairuhusu wakala kumtoza anayetafuta kazi. Kwa hiyo anayekutaka milioni 18 kabla hujaona mkataba, huyo anauza kiwanja chenu, hana kingine. Muombe jina la kiwanda na namba ya usajili, unitumie mimi nipige simu. Kama ni kweli atakupa. Akisema ni siri ya ofisi, mtoke. Na usije kwa viza ya matembezi ukidhani utajificha. Nimemlisha mtu aliyejificha, kwenye nyumba hii hii, na alikuwa akishtuka lifti ikisimama ghorofa yetu.

Njia ya masomo nayo imebadilika. Vyuo vya hapa vilikuwa bure kwa kila mtu. Tangu mwaka 2023 wanafunzi kutoka nje ya Ulaya wanalipa ada, tena kubwa. Bado kuna ufadhili wa kushindania, na kwa vile una stashahada ya Mbegani na unaipenda bahari, nakuona ukimaliza shahada hapo nyumbani ukaomba kama msomi, ukaja na barua yako mkononi. Chuo Kikuu cha Bergen na Dar es Salaam wana uhusiano wa miaka mingi. Ukija hivyo nitakupokea uwanjani na koti la mvua, utalala sebuleni kwangu bila kodi, na nitakuonyesha kile kijiti cha Gyda.

Kwa sasa, uliniambia mashine ya boti mnayokodi ndiyo inayowala faida. Nimekaa na hesabu zangu jana usiku. Kuanzia mwezi ujao naweza kuweka krone 1,500 kila mwezi kwa ajili ya mashine yenu, hata kama ni ya mkono wa pili, na sitaandika deni kwenye daftari lolote. Uliza bei pale sokoni kwa mafundi wawili au watatu, unipe ya kweli.

Mama mdogo mpe shikamoo yangu. Mwambie nitampigia Ijumaa baada ya swala, na safari hii nitawasha kamera anione nilivyo, nikiwa na sare ya kazi. Hati ya kiwanja mrudishie leo, aifungie kabatini mwake.

Dada yako,
Bergen